Hamu ya dawa ni wimbi, msaidie mwanao lipite

Kijana ana miezi mitatu tangu atoke nyumba ya upataji nafuu. Mama anamtuma dukani. Njiani anapita kijiwe cha zamani, anamwona rafiki waliyekuwa wakivuta naye heroini. Ghafla moyo unamwenda mbio, mikono inatoka jasho, na ile noti ya Sh5,000 mfukoni inaanza kumwasha.

Hicho ndicho kichocheo. Kinaweza kuwa mtu, mahali, harufu au fedha mkononi. Njaa, hasira, upweke na uchovu navyo huchochea. Ubongo umezoea kuviunganisha na dawa, na mazoea hayo hayafutiki siku mtu anapoacha.

Mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, alifundisha waraibu kuitazama hamu kama wimbi la bahari. Hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, hata kama mtu hakutumia chochote.

Mfundishe mwanao hatua hizi. Kwanza aondoke kijiweni. Akipata mahali tulivu, aketi, avute pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi. Ajiulize hamu anaisikia wapi: kifuani, tumboni au mikononi? Ajiambie, "Hii ni hamu, itapita." Mawazo yakitangatanga, ayarudishe kwenye pumzi. Kisha ampigie simu mtu anayemwamini.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la JAMA Psychiatry ulihusisha watu 286 waliokuwa wamemaliza matibabu ya awali. Baada ya mwaka mmoja, waliojifunza utulivu wa aina hii waliripoti kutumia dawa kwa siku chache kuliko wenzao waliopata mafunzo ya kawaida.

Hata hivyo, zoezi hili si mbadala wa tiba. Anayekunywa methadoni, tiba iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, aendelee nayo.

Mzazi pia anaweza kuwa kichocheo. Kijana akichelewa kurudi, kauli kama "Umeshaenda kwa mateja wenzako?" humwongezea aibu na hasira, vitu vilevile vinavyomrudisha kijiweni. Vuta pumzi wewe kwanza, kisha muulize: "Mwanangu, leo wimbi limekuja?" Anayejua atasikilizwa husema mapema, kabla hajateleza.

Na kesho, kabla ya kumtuma dukani, kubalianeni kwanza apite njia ipi.