Jina la Mwalimu katika Makala ya Mwanafunzi

Mwanafunzi wa shahada ya juu apelekapo makala kwa mhariri bila jina la mwalimu amsimamiaye, hudhaniwa upesi kuwa amekosa adabu. Dhana hiyo ina nguvu zaidi palipo na desturi ya kumheshimu mwalimu kama mzazi. Lakini jina juu ya makala ni ushahidi: lasema ni nani aliyefanya kazi, na ni nani atakayejibu ikionekana ina kosa.

Katika hisabati, kuandika peke yake ni jambo la kawaida. Mwaka 1950 John Nash, mwanafunzi wa Princeton, alitoa makala ya kurasa mbili tu juu ya nadharia ya michezo. Msimamizi wake, Albert Tucker, hayumo. Mwandishi ni mmoja. Aliyeshukuriwa mwishoni ni David Gale, kwa kumwonyesha njia nyepesi ya kuithibitisha hoja. Shauri jema, basi, lilistahili shukrani, si uandishi. Kazi hiyo ndiyo iliyomletea Nash Tuzo ya Nobel mwaka 1994.

Maabarani mambo ni mengine, kwa kuwa vyombo, fedha, na mara nyingi swali lenyewe, hutoka kwa mwalimu. Makala ya 1968 iliyotangaza pulsari ilikuwa na majina matano: la kwanza Antony Hewish, la pili mwanafunzi wake Jocelyn Bell, aliyekuwa wa kwanza kuiona alama ile ngeni katika karatasi za mtambo. Mwaka 1974 Nobel walipewa Hewish na Martin Ryle. Bell hakupata kitu.

Wahariri wa majarida ya tiba wameafikiana kwamba mwandishi sharti awe amechangia sana katika kazi, ameshiriki kuiandika au kuihakiki, ameikubali nakala ya mwisho, tena yu tayari kuulizwa juu yake. Usimamizi mtupu hautoshi.

Ugumu hasa umo katika mali ya utafiti. Mwanafunzi wa isimu atumiapo masimulizi ambayo mwalimu wake aliyanasa vijijini kwa miaka mingi, hawezi kuyachapisha bila ruhusa, hata kama kila sentensi ya makala ni yake. Wako pia wanaofanya kinyume: humtia mwalimu jina bila kumwuliza, ili makala ipokelewe kwa urahisi. Huyo naye amekosewa, maana atadaiwa majibu ya maneno asiyopata kuyasoma.