KOTI LA KWENDEA KAZINI KWA BAISIKELI

Ndugu msomaji, wewe unayetoka nyumbani saa 11 alfajiri kwa baisikeli kwenda kazini, hebu jiulize: dereva wa lori anayekuja nyuma yako anakuona?

Mimi nilidhani naonekana. Masika moja nilikuwa nafuata barabara ya lami kutoka Usagara kwenda Mwanza mjini. Mvua inanyesha, giza bado. Nimevaa koti langu la mvua, zuri kabisa, jeusi. Basi moja likanipita karibu hata kioo chake kikanigusa mkono. Nikaingia mtaroni pamoja na baisikeli. Utingo akashuka mbio, akasema, "Mzee, hatukukuona kabisa." Nilimkasirikia sana. Lakini kijana yule alisema kweli.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde moja tu. Tangu dereva akuone mpaka gari lisimame, hata kama lami ni kavu, ni kama mita 53. Lami ikilowa ni mbali zaidi. Sasa akikuona ukiwa hatua ishirini mbele yake, atafanya nini?

Wengi husema, "Nitanunua koti la njano, basi." Ni vizuri, lakini hiyo ni nusu ya kazi. Rangi ya njano kali au ya machungwa huonekana sana mchana na siku ya mawingu. Usiku hufifia. Kinachofanya kazi usiku ni ule utepe wa rangi ya fedha tunaouita reflekta. Mara nyingi utepe huo una vishanga vidogo sana vya kioo, ambavyo hupokea mwanga wa taa na kuurudisha kule kule ulikotoka. Ndiyo maana dereva huuona unawaka, lakini mtu aliyesimama kando ya barabara haoni kitu. Kumbe pasipo taa ya gari, reflekta haiwaki! Kwa hiyo taa nyekundu ya nyuma bado inatakiwa.

Ukienda mnadani kununua koti la mtumba, chukua tochi. Mwenzako alishike koti penye giza, hatua kumi mbele yako. Weka tochi karibu na jicho lako, halafu umulike. Utepe mzima utawaka weupe. Uliochakaa utabaki wa kijivu, na hapo usikubali kulipa bei ya reflekta. Vishanga hubanduka kwa kufuliwa mara nyingi na kusuguliwa kwa brashi. Lifue taratibu kwa mkono, wala usiupige utepe pasi.

Na mvua je? Muuzaji atakuambia makoti yote hayapitishi maji. Omba kikombe cha maji. Kunja bega la koti liwe kama bakuli, mimina, ngoja dakika tano. Tazama hasa kwenye mishono, maana maji hupitia matundu ya sindano. Koti la plastiki huzuia mvua kweli, lakini ukipanda mlima jasho litakulowesha kwa ndani, na kulowa ni kulowa tu. Afadhali lenye matundu ya hewa makwapani na zipu ya kufungua shingoni.

Ukilijaribu usisimame wima kama askari. Inama, nyosha mikono kama umeshika usukani. Mgongo usibaki wazi, na mikono ya koti ifike kwenye viganja. Lile koti pana kama turubai liache: upepo hulipeperusha, na likinaswa na mnyororo utaanguka.

Kama koti zuri lenye utepe limekushinda bei, usishone utepe juu ya koti la mvua, kwa sababu utalitoboa. Nunua kile kizibao cha njano wanachovaa mafundi wa barabara. Kivae juu ya koti, si ndani. Hapa kwetu tunapita kushoto na magari hutujia mgongoni, kwa hiyo mkoba ukiuvaa mgongoni unafunika kila kitu. Ufunge kwenye keria.

Lile koti jeusi sikulitupa. Nalivaa bado, kizibao juu yake. Vipande viwili vya utepe nimevifunga miguuni, juu kidogo ya kifundo, kwa sababu miguu ikipanda na kushuka dereva hutambua upesi kwamba mbele kuna baisikeli.