Kama Mto Tana Ungekuwa Mkononi Mwako

Mwaka 2003 ilitolewa Marekani picha ya senema ya kuchekesha iitwayo Bruce Almighty. Bruce, aliyechezwa na Jim Carrey, ni mtangazaji wa habari katika mji wa Buffalo. Baada ya kupatwa na mikosi mingi alimlaumu Mungu kuwa hafanyi kazi yake vema. Basi akapewa uwezo wa Mungu apate kujaribu mwenyewe.

Aliuvuta mwezi karibu ili kumpendeza mchumba wake. Kesho yake zikaja habari za mafuriko Japani. Maombi ya watu yalipomzidi, aliyajibu yote "ndiyo". Walioomba kushinda bahati nasibu walishinda wengi mno, kila mmoja akapata fedha kidogo tu, na mji ukaingia ghasia.

Watazamaji hucheka, lakini mtu wa Chewele ana la kufikiri. Mkulima wa mpunga huomba Mto Tana ufurike, apate kupanda maji yapunguapo. Jirani yake mwenye migomba ukingoni huomba maji yasizidi. Mfugaji naye huomba malisho, nayo huota palipofurika. Tena mafuriko ya 1961 na ya 1997 yalileta hasara kubwa.

Tangu bwawa la Masinga lilipokamilika mwaka 1981, wanadamu nao wameshika sehemu ya uwezo huo. Ashikaye lango la maji yampasa kuwasikiliza wote hawa kabla ya kulifungua au kulifunga.