Siri Isiyofungwa kwa Kufuli

Mama wa Buganguzi, baada ya kupura maharage aliyovuna chini ya migomba ya kibanja chake, hutwaa ungo. Pumba hupeperuka, punje hubaki. Mwaka 1998 Ronald Rivest, mtaalamu wa chuo cha MIT huko Marekani, aliichukua kazi hiyo ya kupepeta kuwa mfano wa kutunza siri pasipo kuandika kwa fumbo.

Tuseme katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa ampelekea mwenzake wa Bukoba bei ya kilo. Ujumbe hukatwa vipande. Kila kipande kina namba, na muhuri utokanao na neno la siri walijualo wao wawili tu. Kipande cha tatu chasema shilingi 4,000. Lakini njiani vimetiwa vipande vingine vya namba hiyo hiyo, kimoja chasema 3,200, kingine 4,700, vyote vina mihuri ya uongo. Mchuuzi adukuaye husoma vyote asijue kipi cha kweli. Mpokeaji huipima mihuri, isiyolingana huitupa. Na ajabu ni hii: pumba zaweza kutiwa na mtu wa tatu asiyelijua neno la siri. Basi mwenye kuficha ni nani?

Wakati ule sheria za Marekani zilibana upelekaji wa zana za fumbo nchi za nje, zikaziachia zana za muhuri, kwa kuwa muhuri huthibitisha tu. Dola ikidai neno la muhuri, yapata pia uwezo wa kughushi: mfanyakazi aweza kusomewa mahakamani maneno asiyoyaandika kamwe. Hatari hiyo, kwa maoni yetu, yapita ile ya kusomwa barua.

Kwetu, ibara ya 16 ya Katiba yahifadhi mawasiliano ya mtu binafsi. Hata hivyo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kudai data, na kifungu cha 22 chamwadhibu azifichaye au azipotezaye maana kwa nia ya kuzuia upelelezi. Maxence Melo wa JamiiForums alitozwa faini ya shilingi milioni 3 mahakamani Kisutu, Aprili 2020, kwa kosa la kuzuia upelelezi.

Neno zito hapo ni nia. Katibu afichaye bei asipunjwe na wachuuzi hana kosa hilo. Afichaye mapatano ya butura, kahawa kununuliwa ingali maua, jambo ambalo Serikali imelikataza, naye akijua polisi wanamtafuta, atakuwa na mengi ya kumweleza hakimu.