Mbegu na tunguu: usipande ua kwa namna moja

Wandugu, kila mwaka mvua ya Septemba ikianza hapa Bukavu, kuna wenye kupanda maua mu parsele, kisha nyuma ya mwezi mmoja wanasema udongo ni mubaya. Mara nyingi udongo hauna kosa. Walipanda mbegu kama tunguu, ao tunguu kama mbegu.

Tukamate mfano wa zinia. Mbegu yake ni nyepesi, iko na akiba ndogo ya chakula. Akiba hiyo inapaswa kufikisha mche ku mwangaza mbele iishe. Ukiizika sentimita 5, mche unakufia chini, na wewe unasema umeuziwa mbegu mbovu. Sentimita 1 inatosha. Udongo usikauke hata siku moja, juu mbegu ikishaanza kuchipuka, ukavu unaiua. Panda pale itakapobakia, zinia haipendi kuhamishwa. Acha sentimita 25 kati ya miche. Karibu miezi 2 na nusu, maua njo hayo.

Glayeli ni mambo ingine. Tunguu lake ni ghala (kibotania ni shina lililovimba, lakini kazi ni ileile). Liko na chakula cha kutosha kutoka mbali, kwa hiyo shimo ni sentimita 10 mpaka 15, ncha ikiangalia juu. Kina hicho kinasaidia pia shina lisianguke na upepo. Adui wake mkubwa ni maji yanayosimama. Udongo wetu wa mfinyanzi unashika maji sana, basi inua tuta sentimita 20 hivi na uchanganye mboleo iliyoiva. Bila hivyo, tunguu linaoza.

Sasa tuseme juu ya makuta. Tunguu ulilopanda linakwisha lote: mmea unajenga lingine jipya juu yake, na chakula cha kulijenga kinatoka ku majani. Ukikata ua la kuuza, acha majani 4 ao zaidi, yabakie wiki 6 hivi mpaka yawe manjano. Kisha chimbua, kausha, weka mahali pakavu penye hewa. Utakuta tunguu jipya na vitoto vidogo pembeni. Vitoto vinaomba misimu 2 ao 3 mbele ya kuchanua. Mwenye kung'oa yote siku ya kukata ua anakula mtaji wake, na msimu unaofuata atanunua tena.

Zinia nayo inaweza kukupa mbegu bure, lakini kama pakiti imeandikwa F1, watoto hawatafanana na mama yao.

Na zile picha nzuri za tulipe? Hifadhi franka zako. Tunguu la tulipe linaomba karibu miezi 3 ya baridi kali mbele ya kuchanua, na Bukavu haina baridi hiyo. Glayeli ni ya kwetu: Gladiolus dalenii inaota porini mpaka Kongo, na njo mmoja wa wazazi wa glayeli kubwa zinazouzwa Ulaya.

Wewe mwenye diploma unayengojea kazi, kipande cha parsele ya wazazi kinatosha kuanza: pakiti moja ya zinia, matunguu 20 ya glayeli. Ukipanda mwisho wa Septemba, mwezi wa Desemba uko na maua ya kupeleka ku ndoa na ku kanisa. Kwenye daftari, andika tarehe ya kupanda, ya ua la kwanza, na hesabu ya matunguu uliyochimbua. Kama hesabu inapita 20, shamba lako linakua.