Safari ya Visiwani Katika Ziwa Nyasa

Nataka kuwapa habari za safari tuliyoifanya mimi na walimu wawili, mwezi wa Julai, katika visiwa vya kusini ya Ziwa Nyasa, katika nchi ya Malawi.

Twalianzia Chembe, kijiji cha wavuvi penye Rasi ya Maclear. Wamisionari wa Kiskoti walijenga kituo hapo mwaka 1875. Malaria ikawaua baadhi yao, na mwaka 1881 wakahamia Bandawe. Makaburi yao yapo hata leo.

Mashua ilitwaa mizigo, nasi tukaingia katika kayaki, yaani mitumbwi myembamba iendeshwayo kwa kafi lenye bapa pande zote mbili. Kiongozi wetu alikuwa kijana wa Chembe, mwana wa mvuvi, aliyejifunza Kiswahili Mbamba Bay. Tukalala Domwe, na siku ya pili tukafika Mumbo, kisiwa kidogo cha majabali. Maji yake ni maangavu, hata twaliwaona chini yetu mbuna, samaki wadogo wa rangi ya buluu na manjano. Jike hutunza mayai yake kinywani, wala hali vema hata watoto watoke. Tangu mwaka 1980 mahali hapo ni hifadhi ya taifa, kwa ajili ya samaki hao hasa.

Usiku ukaanza kuvuma Mwera, upepo wa kusi. Asubuhi kijana akaniambia, "Mwalimu, tungoje." Lakini basi letu lilikuwa la kuondoka jioni, na nauli tumekwisha kulipa. Nikamjibu kwa ukali, kwamba mimi si mtoto. Akanyamaza kwa heshima, akatufuata.

Tulipotoka tu katika kinga ya kisiwa, mawimbi yakatuinukia kama kuta. Mara mwenzangu mmoja akapinduka. Koti la kuelea likamshika juu ya maji, lakini alikuwa akichukuliwa mbali. Yule kijana akamfikia, akamfungia kamba, akamvuta hata ufukoni, nasi tukarudi nyuma yake tukitetemeka.

Nikasema mbele ya wote, "Mwanangu, nimekosa." Akajibu, "Mwalimu, ziwa haliulizi umri wa mtu."

Upepo ukatulia kesho yake alfajiri, tukavuka salama. Nauli ilipotea, ila mwenzetu hakupotea.

Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto habari za Askofu Chauncy Maples, aliyekufa maji katika ziwa hili hili mwaka 1895, mashua yake ilipopigwa na tufani. Naliijua habari, lakini sikuitii. Basi, wazazi na walimu wenzangu, mdogo akijua njia kutupita, tumfuate pasipo haya. Huyo mwalimu aliyepinduka ana watoto wanne nyumbani, na jioni tuliyofika walimpokea wakimwimbia.