Kwa nini mtaalamu wa usemi si anasa katika Turkana

MTOTO anayefikisha umri wa miaka mitatu bila kutamka neno la maana huzua mjadala nyumbani. Wapo jamaa watakaosema kwamba hata babake alichelewa kusema. Wapo watakaopendekeza akatwe utando ulio chini ya ulimi, na wapo watakaoshauri apelekwe kwa mwaguzi, ambaye Waturkana humwita emuron. Ni wachache mno watakaomtaja mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha, kwa sababu hawajawahi kumwona wala kusikia habari zake.

Hali hiyo haipatikani Turkana pekee. Katika Afrika Mashariki yote taaluma hii ingali changa. Shahada ya kwanza ya fani hiyo katika ukanda huu ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, mwaka wa 2008. Kabla ya hapo, aliyetaka shahada hiyo alilazimika kwenda nje ya ukanda huu. Wakenya walioihitimu wana chama chao, Chama cha Wataalamu wa Tiba ya Usemi na Lugha nchini Kenya, lakini idadi yao ni ndogo na wengi hufanya kazi Nairobi na miji mingine mikubwa, mara nyingi katika kliniki ndogo za kibinafsi zenye wataalamu wawili au watatu.

Kwa mkazi wa Kerio, ng'ambo ya Lodwar kuelekea ziwani, au wa Kakuma iliyo umbali wa takriban kilomita 120 kaskazini magharibi mwa Lodwar, kliniki ya Nairobi ni sawa na kutokuwepo kabisa. Kaunti ya Turkana ilikuwa na watu 926,976 katika sensa ya mwaka wa 2019. Ni vyema basi kueleza kazi ya mtaalamu huyu ni ipi, na kwa nini kukosekana kwake kuna gharama kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Si maneno tu

Jina la kazi hii hupotosha. Wengi hudhani kwamba mtaalamu wa usemi hufundisha watu kutamka vizuri, kama mwalimu wa matangazo ya redio. Kwa hakika, sehemu kubwa ya kazi yake huhusu kula na kumeza. Misuli inayotumika kusema ndiyo hiyo hiyo inayotumika kutafuna na kumeza, na mtoto mwenye mtindio wa ubongo huweza kushindwa na yote mawili.

Mtoto kama huyo akilishwa uji mwepesi huku amelazwa chali, uji huo huweza kuteleza na kuingia katika njia ya hewa badala ya tumbo. Matokeo yake ni kukohoa kila mlo, nimonia ya mara kwa mara na kudhoofika. Mama huona mtoto anapungua uzito na kudhani kwamba chakula hakitoshi. Katika eneo ambalo ukame huleta njaa kila baada ya miaka michache, dhana hiyo ni rahisi kuaminika, na chanzo halisi huweza kupita bila kugunduliwa.

Mtaalamu humfundisha mama kumkalisha mtoto wima, kichwa kikielekea mbele kidogo, kumpa kijiko kidogo kidogo na kungoja ameze kabla ya kuongeza kingine. Hurekebisha pia uzito wa uji ulingane na uwezo wa mtoto. Mambo hayo hayahitaji mashine wala umeme, ila huhitaji mtu anayejua kutazama.

Kundi la pili ni la watoto waliozaliwa na mdomo sungura au tundu kwenye kaakaa. Upasuaji hufunga pengo, lakini mtoto aliyezoea kupitishia hewa puani hawezi kuacha tabia hiyo kwa siku moja. Bila mazoezi, huendelea kueleweka kwa shida hata baada ya kovu kupona.

Kundi la tatu ni la watoto waliougua maradhi yanayoshambulia ubongo. Watafiti wa kituo cha KEMRI-Wellcome mjini Kilifi walichunguza watoto waliowahi kulazwa kwa sababu ya malaria kali, ikiwemo malaria ya ubongo. Katika matokeo waliyochapisha mwaka wa 2005, takriban robo ya watoto hao walikuwa na kasoro ya ukuaji, ikilinganishwa na mmoja kati ya kumi miongoni mwa wasiowahi kuugua hivyo. Lugha ni miongoni mwa mambo yaliyoathirika. Malaria ipo Turkana pia, na mtoto anayeruhusiwa kuondoka hospitalini akiwa hai huhesabiwa kuwa amepona.

Hatimaye wapo watu wazima. Kiharusi kinachoharibu upande wa kushoto wa ubongo huweza kumwondolea mzee maneno yake bila kumwondolea akili. Anajua anachotaka, anawatambua wanawe, lakini neno haliji. Jamaa wasioelezwa jambo hili huanza kumtendea kama mtoto mchanga, au kuamua mambo ya mifugo na ardhi bila kumshirikisha.

Lugha gani itumike?

Hapa ndipo Turkana inapomtatiza hata mtaalamu aliyehitimu vyema. Vipimo vingi vya usemi vilitungwa kwa watoto wanaozungumza Kiingereza. Kuvitafsiri hakutoshi.

Kiturkana kina irabu tisa, ilhali Kiswahili kina tano. Aidha, irabu za mwisho wa neno hutamkwa kwa mnong'ono mzungumzaji anapotua, kiasi kwamba sikio geni huzikosa kabisa. Mtaalamu asiyejua hilo huweza kuandika kwamba mtoto anameza miisho ya maneno, kumbe mtoto anasema kama mamake. Vilevile, sentensi ya Kiturkana kwa kawaida hutanguliza kitenzi, hivyo mtoto anayeanza na tendo kabla ya mtenda hajakosea chochote. Kuna pia desturi ya kale ya kung'oa meno ya mbele ya chini, ambayo hubadilisha umbo la kinywa cha mzungumzaji.

Watafiti wa Kilifi walikabiliwa na tatizo kama hilo miongoni mwa watoto wa Wagiriama. Walilazimika kuandaa vipimo vinavyolingana na lugha na maisha ya huko, badala ya kuazima vya ng'ambo. Turkana inahitaji kazi ya aina hiyo.

Kakuma huongeza ugumu. Kambi hiyo iliyofunguliwa mwaka wa 1992, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyoanzishwa mwaka wa 2016, ina wakimbizi kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Mtaalamu mmoja hawezi kujua lugha zote hizo. Huhitaji wakalimani waliofunzwa kutafsiri makosa ya mgonjwa yalivyo. Mkalimani mwema wa mkutano husahihisha sentensi iliyovurugika ili ieleweke, lakini kwa mtaalamu wa usemi, huko ni kufuta ushahidi.

Kliniki ndogo hufanyaje kazi?

Ziara ya kwanza huwa ya maswali. Mimba ilikuwaje, mtoto alilia alipozaliwa, aliwahi kupata degedege, anageuka akiitwa? Masikio hupimwa mapema, kwani mtoto asiyesikia hawezi kuiga sauti. Kisha mtaalamu humtazama akicheza na akila, na kuweka malengo machache.

Kinachofuata ndicho wazazi wengi hawakitarajii. Mtoto anayekaa macho saa 12 kwa siku ana saa 84 kwa juma. Kikao cha saa moja kliniki, hata kiwe bora namna gani, ni saa moja tu kati ya hizo. Kwa hivyo mtaalamu stadi hutumia sehemu kubwa ya kikao kumfunza mama, nyanya au dada mkubwa namna ya kuzungumza na mtoto wakati wa kuteka maji, kukamua mbuzi au kutengeneza nyavu. Mgonjwa wa Kerio asiyemudu nauli ya kila juma hunufaika zaidi na mafunzo hayo kuliko na vikao vingi.

Swali gumu ni la fedha. Kliniki ya kibinafsi huishi kwa ada, na familia nyingi hulipa kutoka mfukoni. Mjini Lodwar wapo watumishi wa serikali na wa mashirika wanaoweza kulipa, lakini hao hawatoshi. Njia iliyo wazi ni kliniki ndogo kuuza huduma kwa taasisi. Tangu mwaka wa 2013 huduma nyingi za afya zimo mikononi mwa kaunti, ambayo inaweza kumkodi mtaalamu kwa siku kadhaa kila mwezi. Vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanzishwa na Wizara ya Elimu kuanzia mwaka wa 1984, ni mlango mwingine. Mashirika ya kibinadamu ya Kakuma ni wa tatu, ingawa fedha za wafadhili zina mwisho, na mradi ukifungwa mtaalamu hufunga virago.

Haki inayohitaji mtu

Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 54, humpa mwenye ulemavu haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Kifungu cha 50 huruhusu mahakama kumkubali mtu wa kati amsaidie mlalamishi au mshtakiwa kuwasiliana nayo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka wa 2006 nayo ina utaratibu huo kwa mashahidi walio katika hali ya udhaifu.

Haki hizo hazijitekelezi zenyewe. Msichana asiyeweza kusema, akidhulumiwa, huwa shabaha rahisi kwa sababu mhalifu anajua hatashtakiwa. Ubao wa picha na mtu aliyefunzwa kuutumia huweza kubadilisha hesabu hiyo, mradi mtu huyo awepo.

Kwa sasa, mzazi wa Kerio anayeona dalili anaweza kuanza na hatua chache. Mtoto asiyetamka neno hata moja akiwa na miezi 18, asiyeunganisha maneno mawili akiwa na miaka miwili, asiyegeuka akiitwa, au anayekohoa kila anapolishwa, afikishwe katika zahanati na masikio yake yapimwe. Asingojewe akue, kwani samaki hukunjwa angali mbichi. Anayedai kuwa mtaalamu aulizwe alisomea wapi, na kama ni mwanachama wa chama cha wenzake. Wala asinyimwe nafasi shuleni kwa kuitwa bubu kabla ya mtu yeyote kuchunguza kama anasikia.